Mmea wa Mama Wenye Kingo Nyeupe

Mama alipofia katika kambi ya wakimbizi Uganda, nilichimba kipande cha mmea wake wa kivulini nikakileta Juba ndani ya kopo la maziwa. Jina lake sikulijua. Ulikuwa mfupi, haufiki goti, majani yake ya kijani yamezungukwa na kingo nyeupe kama zilizopakwa chokaa. Jua liliuunguza, kwa hiyo niliupanda nyuma ya nyumba yetu ya mtaa wa Hai Mauna, chini ya ukuta, mahali pekee penye ubaridi katika ua ule. Mvua zikija ulitoa vichipukizi. Kimoja kilitoka kijani kitupu. Mama alikuwa akiving'oa vya namna hiyo, maana hukua haraka na kuvifunika vile vyenye kingo nyeupe. Nikasema nitakitoa kesho.

Kesho yake risasi zikaanza. Nikakimbilia Uganda tena. Mama mdogo, aliyemfuata mama kuzaliwa, alikataa kuondoka. Alisema amechoka kukimbia. Nikamwachia nyumba na mmea.

Niliporudi baada ya miezi mingi, nilipita nyuma kabla hata ya kumsalimu. Muhogo ulikuwa umejaa mpaka ukutani.

"Mmea wa mama uko wapi?"

"Ile? Ilikuwa na ugonjwa ya muhogo. Majani nyeupe nyeupe. Mimi nang'oa, nachoma."

Ndivyo tulivyofundishwa kambini: muhogo wenye mabaka ung'olewe na kuchomwa, usiambukize shamba zima.

"Haukuwa ugonjwa! Ndivyo ulivyo!"

"Wewe umesoma mpaka sekondari, hujui ugonjwa? Na mimi ningekula nini, maua? Wewe ulikuwa wapi? Mimi iko hapa!"

Nililishika shina la muhogo nikaling'oa kwa nguvu zangu zote, nimwonyeshe uchungu wa kung'olewa mmea. Likatoka na mihogo minene kama mkono wangu. Akaiokota, akakung'uta udongo.

"Khalas, basi, umenipunguzia kazi," akasema, akaenda kumenya.

Hapo ndipo nilipokiona, nyuma ya shimo: kile kichipukizi cha kijani kitupu, kimenawiri, udongo wake bado umelowa maji ya vyombo.

"Hiyo moja ilikuwa mzima," alisema kutoka jikoni. "Nimekutunzia."

Nilikula mihogo yake bila kumtazama usoni. Tangu hapo nimehama miji mingi, na kichipukizi kile ndani ya kopo, na kila jani jipya linapofunguka nachungulia kingo zake. Hutoka kijani kitupu, na hasira hunipanda upya, maana ni mimi niliyesema nitakitoa kesho.