Wifi, Mtoto ni Wangu

Nina wivu, na sioni haya kusema.

Mimi ni nesi. Maradhi ya kuambukiza yalipozuka mjini, sisi tuliopangiwa wodi ya waliotengwa tulilala hukohuko hospitalini. Mume wangu, dereva wa malori, alikwama mpakani. Binti yetu Kibonge alikuwa ndiyo kwanza anaanza kutembea, nikamwacha kwa wifi yangu, fundi cherehani asiye na mtoto.

Wodini walilazwa watu wa kila kabila na kila lugha, na kila mmoja aliogopa kivyake. Mfanyabiashara mmoja mgeni aligeukia ukuta, hasemi na mtu. Muuza mkaa alitutukana mchana kutwa. Bibi mmoja alicheka tu, unamchoma sindano anacheka. Hofu yangu mimi iligeuka wivu.

Kila jioni wifi alimleta Kibonge ng'ambo ya barabara, nimpungie mkono nikiwa ndani ya uzio wa wavu wa hospitali. Siku moja nikamwona mtoto kasukwa nywele.

"Wifi!" nikapaza sauti. "Nani kakwambia umsuke?"

"Mbona katulia mwenyewe!"

Weee! Nilitamani kuuparamia ule wavu. Kwangu mimi Kibonge hakai kusukwa, labda umfunge kamba.

Maradhi yalipokwisha na wodi kufungwa, nilikwenda moja kwa moja kwa wifi, nikambeba mwanangu. Hata ahsante niliitoa nusunusu.

"Kesho nije kumwogesha?" akauliza.

"Kwani mimi sina mikono?"

Akainamia cherehani yake, akaendelea kushona.

Tulipofika nyumbani Kibonge alianza kulia. Nikamwimbia, wapi! Nikampa uji, akausukuma ukamwagika. Akauonyesha mlango kwa kidole, akaita, "Mama! Mama!" Mama gani tena, na mimi nimemshika? Wodini niliwatuliza watu wazima ambao hata lugha yao siijui, leo huyu niliyemzaa mwenyewe ananishinda! Nikalia na mimi, tukawa wawili.

Alipoanza kukauka sauti, nikampigia wifi simu. Alifika anahema, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, akasimama nje ya mlango, haingii. Nikamkabidhi mtoto. Kibonge akamlalia begani, kimya, kama si yeye aliyekuwa akipiga kelele. Roho iliniuma jamani, iliniuma mno.

Wifi hakuthubutu kunitazama. "Nikae hapahapa nje mpaka alale?"

"Ingia ndani," nikamwambia. "Anayeitwa ni wewe."