Unga wa Proklamasio

Kalemie, tarehe mbili ya mwezi wa saba, hata muuza samaki anafunga meza yake mapema. Ni siku ya proklamasio, ya kutangaza matokeo ya shule. Kila mtoto wa shule anaitwa kwa jina mbele ya watu, mzazi wake anachomoka katikati ya umati na kummwagia poda kichwani mpaka apige chafya. Mtoto asiyemwagiwa anarudi kukaa akiwa safi, na usafi huo ni aibu.

Salama, binti ya Zahoro, alirudi safi kwenye proklamasio ya Noeli. Hakulia. Afadhali angelia.

Zahoro alikuwa asistanti katika chuo kikuu, akitafuta doktora juu ya maji ya ziwa: kule kilindini hewa imebaki kiasi gani, na ndakala, dagaa wa huku, watakaa wapi ziwa likizidi kupata joto. Kazi nzuri, lakini ina wivu kama mke mkubwa. Mkewe Mouna ni muuguzi huko Moba, anafika nyumbani ziwa likikubali. Basi uji, unifomu na nywele za Salama vilikuwa vya Zahoro. Alisuka vibaya, lakini alisuka.

Jioni ya kuamkia tarehe mbili, mtoto yuko katikati ya magoti yake, nywele nusu zimesukwa, akauliza:

"Papa, kesho utakuja kweli?"

"Nitakuja, mama."

"Ile ya Noeli ulisema vilevile."

Zahoro akaendelea kusuka. Profesa Adrienne, anayemwongoza katika doktora, alikuwa amefika toka Lubumbashi na chombo cha kupimia, na ndege yake ilikuwa ya keshokutwa. Siku ya ziwa ilikuwa hiyo hiyo tarehe mbili. Kumwambia hakuthubutu. Msomi gani anamwambia profesa wake kwamba ana poda ya kumwaga? Akajituliza kwa hesabu yake: direkta wa shule huanza siku zote na wakubwa wa mwaka wa sita, na Salama yuko mwaka wa pili. Atawahi. Akatia kopo la poda ndani ya mfuko wake wa kazi, akalala.

Asubuhi yeye na Profesa walikuwa mbali na ufuko, chupa ya kuchotea ikining'inia mita mia chini ya mtumbwi wa mota, simu ikalia. Alikuwa Mama Jeannette, jirani aliyempeleka Salama shuleni.

"Papa Salama, uko wapi? Leo direkta ameanza na wadogo! Anasema jua litawachoma!"

Sauti ilikuwa kubwa, wote wakasikia. Profesa akageuka.

"Salama njo nani?"

"Mutoto wangu, Profesa. Leo ni proklamasio yake."

"Na umenyamaza tangu asubuhi?"

"Niliogopa utasema kazi haiko moyoni mwangu."

Profesa Adrienne alipandisha mikono ya shati akashika kamba pamoja naye, wakavuta. Chupa ilipotoka ndipo aliposema:

"Wangu wako watatu. Proklamasio zao nilizisikia kwa simu. Rubens, tupeleke ufukoni. Wewe utashuka, mimi nitarudi kumaliza vina vingine. Maji nitayaweka kwenye barafu mwenyewe."

"Profesa anavuta kamba kama mvuvi wa ndakala!" Rubens, mwenye mtumbwi, akacheka, akafungua mota yote.

Zahoro aliruka maji yakiwa magotini, akakimbia na viatu kwapani. Penye mlango wa shule ndipo alipokumbuka: mfuko, na poda yake, vimebaki mtumbwini. Kando ya mlango palikaa mama mmoja na beseni la unga wa muhogo.

"Mama, nipimie, haraka!"

"Wa kusonga bukari?"

"Wa kichwa!"

Ndani, direkta alikuwa ameshika mikrofoni. "Salama Zahoro, mara ya tatu. Ama tuendelee?" Mama Jeannette alimshika mtoto mkono: "Twende, mimi nitakusindikiza." Salama ameganda kama mwiko katika bukari baridi. "Hapana, Mama. Papa anakuja."

"Niko hapa!"

Watu wakageuka. Suruali inachuruzika, miguu mitupu, ngumi mbili za unga. "Huyu ametoka kusoma ama kuvua?" mtu akatania, na vigelegele vikapanda. Zahoro akamwaga unga wote. Salama akapiga chafya, akalamba mdomo.

"Papa, huu ni muhogo!"

"Njo nilioupata, mama."

"Mvua ikinyesha tu atakuwa bukari," direkta akasema ndani ya mikrofoni, "tutamla huyu mutoto na samaki." Uwanja mzima ukacheka, na Salama akacheka kuliko wote.

Njiani kwenda nyumbani ujumbe wa Profesa ukaingia kwenye simu: maji ya vina vyote yako kwenye barafu. Zahoro akasimama kidogo, akashusha pumzi ambayo, ukiangalia vizuri, alikuwa ameibeba tangu Noeli.

Salama akamvuta mkono, mweupe mpaka kope.

"Mwaka kesho uje na poda," akasema.