Nilivyozipima Prosesa kwa Harusi ya Watu

Siku muuzaji alipoweka karatasi yake mezani, mimi nilikuwa nimeshika birika la kahawa, na nadhani hilo ndilo lililomponza. Aliliona birika, hakuniona mimi.

Kazi yetu ilikuwa kurekodi na kuhariri filamu za harusi na matanga, katika chumba kimoja chenye kistoo, karibu na Porte de Namur, hapa Brussels. Mwenye kazi ni mzee wa Lubumbashi ninayemwita tonton, yaani mjomba, ingawa hatuna undugu. Mimi pia ni wa huko, na huko ndiko nilikosomea kompyuta, kabla ya kuja Brussels kusugua sakafu za ofisi za Etterbeek miaka sita. Tonton alinichukua nipokee wateja. Mwaka mzima niliwapokea, huku nikitazama kompyuta zake zikiharibiwa na watu wasiozijua. Nilichoka. Nilitaka kuzishika mimi.

Tonton alipoamua kununua kompyuta tatu mpya, alimwita huyo muuzaji, ndugu yetu wa Kivu anayekaa Uccle, mtaa wa matajiri, suti safi na manukato ya kutosha ukoo mzima. Karatasi yake ilikuwa na mistari ya rangi. Prosesa kubwa, yenye viini vingi, ilikuwa na mstari mrefu wa kasi, na ile ndogo ilikuwa na mstari mfupi. Basi, mambo yakawa yamekwisha. Nikauliza mistari ile ilipimwa kwa kazi gani. Akasema kwa filamu ya dakika tatu.

"Tonton, ile karatasi haijuwe mariage ya kwetu," nikasema.

"Maman, mambo ya machine uachie wenye walisomea," muuzaji akanijibu kwa upole. Upole ule uliniudhi kuliko tusi.

Filamu ya kwetu haikatwi ovyo. Kila ukoo unataka uonekane ukiingia ukumbini, kila shangazi aonekane akicheza na zawadi yake kichwani mpaka mbele ya maharusi, na ukimruka mmoja, simu italia wiki nzima. Filamu moja inafika masaa matano. Nguvu za punda huzijui kwa kumtembeza uani.

"Nitapima mwenyewe," nikasema. "Na mariage nzima."

Tonton alikuna kidevu, kisha akamwomba muuzaji atuachie kompyuta mbili kwa wiki moja, moja yenye prosesa kubwa na moja yenye ndogo. Mimi akaniambia, "Bon, maman. Kama vipimo vyako viko bien, wewe njo utakuwa responsable, msimamizi wa machines. Kama haviko bien, huyu atatuletea muntu wake, na wewe utabakia ku accueil, kupokea wateja."

Nilikubali pale pale, mbele ya yule bwana, makusudi.

Nikachagua harusi moja iliyorekodiwa kwa kamera tatu, nikazipa kompyuta zote mbili kazi ileile ya kutoa filamu kamili. Ndogo ilimaliza kwa masaa mawili na dakika kumi. Kubwa ilichukua masaa mawili na dakika arobaini. Nikairudia ile kubwa, ikanipa jibu lilelile. Nilicheka peke yangu, nikaandika matokeo kwa herufi kubwa na kuyabandika mlangoni.

Muuzaji alipokuja aliyasoma. Alikwenda kwenye ile kubwa, akaweka kiganja ubavuni mwake, kisha akachungulia nyuma.

"Maman, sababu ya nini muliiweka ku chauffage?"

Kwetu mgeni mkubwa huketishwa karibu na hita, maana sisi na baridi ya mji huu hatujapatana hata siku moja. Tonton mwenyewe aliibeba ile kompyuta ya bei kali akaiweka pale, juu ya kitambaa, kama baba mkwe. Ile ndogo ilitupwa kistooni, pasipo na hita. Prosesa ikipata joto hupunguza mwendo ili isiungue. Hilo nililijua tangu mwaka wa kwanza wa masomo, na bado nilipita mbele ya kitambaa kile siku nzima nisione kosa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Bon, donc..." tonton akaanza, macho chini. Nikamkatiza, jambo nisilomfanyia mtu wa umri wake.

"Tonton, munipe siku mbili. Zote mbili ku depot."

Muuzaji akacheka. "Utapima tu mpaka upate chenye unataka?"

"Nitapima mpaka nijue."

Nilizipeleka zote kistooni, nikavaa koti na kofia, nikafunga mlango. Ndogo ilirudia masaa yake mawili na dakika kumi. Kubwa ilimaliza kwa saa moja na dakika hamsini. Kesho yake nikarudia, yakawa yaleyale. Ilikuwa imenishinda, na iliniuma sana. Hakuna mwingine aliyeona, ningeweza kuandika nilichotaka. Badala yake nikapima na uhariri wenyewe, kule kukata na kupanga picha ambako wahariri wetu hushinda kutwa wameshika tama wakingoja. Hapo zilikwenda sambamba, tofauti ya sekunde tu. Karatasi ya muuzaji haikuwa na mstari wa kazi hiyo.

Nikaandika yote, lililonishinda nikaliweka juu kabisa.

Muuzaji alisoma mstari wa kwanza, akatabasamu. "Si nilisema?"

"Ulisema, kweli," nikamjibu. "Asiyekubali kushindwa si mshindani, na miye nimekubali. Lakini wewe ulisema sababu karatasi ilisema. Miye ninajua."

Tonton alivaa miwani, akasoma mpaka chini, taratibu, kidole kikifuata mistari. Muuzaji akaanza kumweleza. Tonton akainua mkono kumnyamazisha, bila kumtazama.

"Bon, responsable," akaniambia. "Tukamate gani?"

"Kubwa moja, ya kutoa filamu. Ndogo mbili, za montage, kukata na kupanga picha."

Muuzaji akatafuta kalamu mfukoni, akaandika.