Sentensi Moja kwa Mjukuu Wangu

Binti yangu alizikwa Kinshasa, nami sikufika. Mwaka uliofuata mkwe wangu alipiga simu kwamba angemleta mjukuu msimu wa kahawa, walale siku mbili tatu. Mtoto hakujua Kiswahili. Alijua Kilingala, na Kifaransa cha shuleni. Baba yake angeweza kunitafsiria, maana alishawahi kufanya biashara Tunduma. Lakini mimi ni mbishi. Nilitaka nimwonyeshe chumba cha nyuma, hapa Iyula, nimwambie kwa mdomo wangu kwamba mama yake alizaliwa humu.

Mwalimu nilimpata Tunduma, mama wa Kikongo anayeuza vitenge karibu na mpaka. Aliniandikia maneno hayo kwa Kifaransa kwenye kipande cha boksi: *C'est ici que ta maman est née.* Nikaisoma kama tunavyosoma sisi, kila herufi na haki yake. Alicheka mpaka akashika meza.

“Mama, ile T ya kwenye *est* iko nalala. Uiache ilale.”

Nikaiacha. Kumbe ile T ya mwanzo kabisa, ya kwenye *C'est*, kwa kuwa mbele yake kuna irabu, inaamka na kuhamia neno la pili: sé-ti-si. Nilikasirika kidogo. Kwetu silabi haihami nyumba. Akanishauri nipige kofi kwa kila silabi, ulimi utazoea.

Basi asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya vichanja vya kahawa, nilikuwa nageuza punje, naacha, napiga makofi. Sé. Ti. Si. Sasa, kwetu makofi ni salamu. Mama mkwe alikuwa anapita na kuni zake. Akasimama, akaitikia, akauliza habari za watoto. Ikabidi nipige magoti nimsalimie upya kwa Kinyiha, kwa heshima zote. Kesho yake akaitikia jirani. Tangu hapo nikawa napiga paja, polepole.

*Maman* ndiyo iliyonichelewesha. Silabi yake ya mwisho inaishia puani, kama sauti ya mtu anayesinzia. Niliirudia hadi sikujua kama nasema au naota. Katika ukungu ule nilimwona binti yangu ng'ambo ya kichanja, akichambua kahawa mbovu, akinisahihisha bila kuinua uso. Nilimkumbuka mpaka mikono ikasimama.

Walifika jioni. Sikungoja hata chai. Nilimshika mtoto mkono, nikampeleka chumbani, nikasema sentensi yangu yote, T moja imeamka, nyingine imelala. Akatazama kitanda cha kamba, ukuta, dirisha.

“Ici?” akauliza, yaani hapa?

“Ici.”

Akavua viatu, akapanda kitandani, akaanza kuongea. Alikuwa hajazungumza tangu waliposhuka basi Mlowo, baba yake aliniambia baadaye. Silabi zilikuja zimeshikana, sikujua neno linaanzia wapi wala linaishia wapi, na mimi nilikuwa nimejifunza sentensi moja tu. Nililolishika ni *maman*, likipita, likirudi. Mkwe wangu alikuja mlangoni, akafungua kinywa anitafsirie. Nikamwinulia mkono anyamaze. Nikakaa kando ya mtoto, na kila neno lile lilipopita nikasema, “Ndiyo, huyo huyo.”