"Baadi?" "Bado": Fundi wa pancha wa Modogashe na bibi aliyeshushwa njia panda

Saa kumi na mbili asubuhi, lori la mbuzi linasimama njia panda ya Modogashe likiwa limelalia ubavu mmoja. Dereva hajazima injini, na tayari Mutemi Ngui amechuchumaa kando ya gurudumu la nyuma, jeki mkononi, akilitazama tairi kama daktari anayemjua mgonjwa wake wa siku nyingi.

"Nabad, Mzee Baadi," utingo anamsalimia kutoka juu, katikati ya mbuzi.

"Nabad. Mmebeba mbuzi tu, au kuna mtu?"

"Mbuzi tu leo."

"Na huko mlikotoka, hakuna anayetafuta mtu?"

Utingo anatikisa kichwa. Hapo ndipo Mutemi anapoanza kulegeza nati. Kila lori linaloingia hapa huulizwa maswali hayo mawili kwanza. Mambo ya tairi na bei huja baadaye.

Mutemi ni Mkamba wa Mwingi, mwenye umri wa miaka hamsini na minne. Alikuja Modogashe mwaka 1990 na mkewe, Kalekye, wakiwa na pampu ya mkono, vyuma viwili vya kubandulia tairi na beseni moja la bati. Malori ya Garissa, Isiolo na Wajir yote hupita mbele ya kibanda chake, na kwa jinsi barabara yenyewe ilivyo, machache hupita bila kumpa kazi.

Pancha moja ya lori humpa shilingi mia moja, dereva asipokopa. Jerikeni la maji wakati wa kiangazi hununuliwa shilingi kumi, kwa hiyo maji ya beseni la kutafutia tundu la tyubu hayamwagwi. Yakishakuwa meusi kama kahawa, Kalekye huyapeleka kwenye mche wake wa mpapai. Mpapai huo haujazaa hata tunda moja, lakini haruhusu mtu ausimange.

Jina la Mzee Baadi alipewa na wenyeji kwa sababu ya kosa.

Mwaka wake wa kwanza hapa, mfugaji mmoja aitwaye Bare alikuja mbio, amejaa vumbi, akamwuliza neno moja tu: "Baadi?" Mutemi, aliyekuwa akihangaika na tairi la mtu mwingine, alidhani anaulizwa kama kazi imekwisha. Akajibu bila kuinua kichwa, "Bado."

Bare akaenda zake. Alizunguka nyikani siku mbili akitafuta ngamia wake jike, na muda wote huo ngamia mwenyewe alikuwa nyuma ya kibanda cha Mutemi, akila majani ya mgunga kwa raha zake.

"Aliporudi akamkuta, alinikasirikia sana, na alikuwa na haki," anasema Mutemi, akicheka hadi anashika mbavu. "Akaniambia, 'Mimi nauliza baadi, wewe nasema bado. Ngamia yangu nalala kwa nyumba yako, wewe nasema bado.' Nilimwona ngamia, ndiyo. Lakini mimi mtu wa Mwingi nitajuaje kama ngamia amepotea au amekuja kutembea?"

Hasira zilipotulia, Bare aliketi akamweleza. Baadi, kwa Kisomali, ni mnyama aliyepotea kundini. Anayemwona hana ruhusa ya kumpita. Atamweka, atamnywesha, na atamtangaza kwa kila mpita njia. Jambo moja tu hatalitangaza, nalo ni alama: chapa ya moto au sikio lililokatwa. Hiyo ataitaja mwenye mali atakapokuja, na akiitaja sawasawa, atakabidhiwa mnyama wake mkononi.

Mutemi ni mzee wa kanisa, katika ushirika mdogo wa walimu, askari na wafanyakazi wa serikali wanaokutana darasani kila Jumapili. Anasema tangu utotoni alihubiriwa juu ya kuwatafuta waliopotea, na juu ya mchungaji anayeacha kundi zima kumfuata kondoo mmoja.

"Mimi nilikuwa najua waliopotea ni walevi," anasema. "Kule kwetu ukisema fulani amepotea, watu wanatazama upande wa kilabu cha pombe. Bare ndiye aliyenifanya niisikie ile habari kwa masikio mapya. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, hawa jirani zetu Waislamu wana sheria ya kushika kilichopotea hadi mwenyewe aje. Sisi je, tunashika nini?"

Tangu wakati huo, kibanda cha pancha kimewapokea wengi: mgonjwa aliyeachwa na gari akitapika, mchuuzi aliyeibiwa njiani, mama mwenye mapacha aliyekosea lori. Wengi hukaa usiku mmoja au wiki moja. Aliyekaa kuliko wote ni Tuye.

Bibi huyo alifika Januari mwaka huu wa 1998, wakati mvua za El Nino zilikuwa zimekata barabara vipande vipande. Lori lililokuwa likirudi Isiolo lilimshusha njia panda likaenda zake. Aliketi juu ya gogo, ameloa, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee. Kila aliyepita alimwuliza kwa wema, "Mama, gari lako limekuja?" Naye akajibu, "Bade." Watu wakasikia "bado", wakaona anangoja gari lake, wakamwacha angoje.

"Hata mimi nilimpita," anasema Mutemi. "Mara mbili. Ya tatu nikasimama. Nikakumbuka ngamia wa Bare. Nikasema, Mutemi, neno hili lilikuponza mara moja, leo uliza."

Kuuliza si ujinga. Alimwita Shamso, jirani anayeuza maziwa, ambaye anajua Kiborana cha kubahatisha. Shamso alimsikiliza bibi kidogo tu, akajishika kichwa. Kwa Kiborana, bade maana yake ni amepotea. Bibi alikuwa akishinda hapo mvuani akiwaambia watu kwamba binti yake amepotea, nao wakimwambia haya, vumilia.

Walichokipata kwake kilikuwa kidogo. Alikuwa na homa. Alitaja jina la binti yake, Hawo, na kwamba walitoka Garissa kutazamwa macho. Lori lao likakwama matopeni, abiria wakavushwa maji na kupandishwa malori tofauti katika ile vurugu. Alipoulizwa kwao ni wapi, alitaja kisima alichochota maji akiwa msichana, ng'ambo ya mpaka. Madereva wazee walisema kisima hicho kilikauka zamani.

Kalekye alipomwosha nywele, aliona nyuma ya sikio la kushoto makovu matatu madogo ya moto yaliyopangwa mstari, tiba ya zamani ya wafugaji. Akamwita mumewe, akamwonyesha.

"Nikamwambia, hiyo usimtajie mtu," anasema Mutemi. "Hiyo ndiyo alama."

Kuanzia siku hiyo kila lori liliondoka Modogashe na ujumbe: kuna bibi hapa, haoni vizuri, anaongea Kiborana, anamtaja Hawo, anayemjua aje na alama. Mwezi Aprili alikuja bwana mmoja amevaa vizuri, akasema huyo ni mama yake mzazi. Mutemi akamwuliza alama. Bwana akataja jino la dhahabu. Tuye hana jino hata moja mbele, la dhahabu wala la mfupa, na bwana yule aliondoka bila kunywa chai.

Nyumba imejipanga upya kwa ajili ya mgeni. Kuku wa Kalekye siku hizi huchinjwa na Salat, mwenye duka la jirani, ili bibi ale bila wasiwasi. Shamso huleta kikombe cha maziwa kila asubuhi na hataki kusikia habari ya malipo. Mutemi amemkatia bibi kandambili za tairi. Kalekye humwekea maji ya udhu na kumgeuza kibla, kwa kuwa macho hayamwonyeshi.

"Wiki nzima ya kwanza tulikuwa tunamswalisha kuelekea Isiolo," Kalekye anakiri. "Shamso alipotukuta alicheka mpaka akamwaga maziwa."

Mchungaji wao, ambaye huja kutoka Garissa mara moja kwa mwezi, aliwahi kumwuliza Mutemi kama amekwisha kumhubiria bibi. "Nikamwambia, mchungaji, yeye hajui Kiswahili, mimi sijui Kiborana. Tumekubaliana kwenye chai. Mchungaji akaomba naye chai."

Kila asubuhi, kabla ya kazi kuanza, Tuye humshika Mutemi viganja na kuvitemea mate kidogo, ndiyo baraka ya wazee wa kwao. Mama yake Mutemi alifariki Mwingi mwaka 1994, mwanawe akiwa chini ya lori huku, na habari ilimfikia amekwisha kuzikwa. Anayasema haya akiwa ameinamia beseni, na haoni haya machozi yakimtoka.

"Watu wanasema nimemsaidia bibi. Nani amemsaidia nani? Mimi sikupata baraka ya mama yangu. Sasa naipata kila siku, na mate juu. Namshukuru Mungu sana. Nawashukuru na jirani zangu, maana peke yangu nisingeweza hata mwezi."

Lakini Agosti kifua kilimbana bibi, wakadhani hatapona. Alimshika Kalekye mkono usiku kucha akimwita Hawo. Tangu hapo hajawa na nguvu zake, na Mutemi amekuwa akiamka na swali moja.

"Akifa hapa, jirani watamwosha na kumzika vizuri, hilo sina shaka. Lakini Hawo atakaa maisha yake yote akijiuliza mama alisombwa na maji gani. Nani atamwambia?"

Alikuwa angali akisema hayo, alasiri ya siku ambayo mwandishi wa makala haya alimtembelea, lori la bluu kutoka kaskazini lilipoingia na kusimama. Dereva, Abdiwali, alishuka mwenyewe. Mutemi akanyanyuka na jeki yake.

"Wacha hiyo, Mzee Baadi. Tairi yangu ni sawa, hakuna bancha," alisema Abdiwali. "Leo mimi naleta alama."

Mutemi akaiweka jeki chini.

"Kule kaskazini, Buna, iko mama moja, jina yake Hawo. Amehamia huko na mifugo. Anatafuta mama yake. Isiolo ameenda mara mbili, hajafikiri kama gari inaweza shusha mtu hapa katikati. Mimi nikamwambia, taja alama. Amesema moto tatu, nyuma ya sikio."

"Sikio gani?"

"Kushoto."

"Rudia."

"Kushoto, abti, mjomba wangu. Walahi, kushoto."

Mutemi alijifuta mikono kwa kitambaa chenye petroli, akajifuta tena, kana kwamba ile grisi ya miaka minane ingetoka siku hiyo. Kisha akaenda nyuma ya kibanda, ambako Tuye huketi juu ya mkeka kivulini.

Bibi alikuwa amesikia lori. Kila asikiapo lori huuliza neno lile lile, na kila siku hujibiwa "bado", hata amejifunza kwamba jibu hilo kwa Kiswahili maana yake ni hapana.

"Bade?" akauliza.

Mwaka karibu mzima Mutemi amekuwa na jibu la huzuni tayari ulimini, na sasa kwa furaha hakuwa na Kiborana cha kuisemea. Akapiga magoti. Akakishika kidole cha bibi, akakipeleka taratibu nyuma ya sikio lake, juu ya yale makovu, moja, la pili, la tatu.

"Hawo," akasema. "Buna. Hawo."

Tuye akaanza kusema maneno mengi, haraka, uso ameuinua juu. Kalekye alikuwa akilia waziwazi. Shamso, aliyekuja na chombo chake cha maziwa mkononi, aliulizwa bibi anasema nini.

"Anasema yeye ameshaanza kushukuru Mungu," alitafsiri Shamso. "Anauliza nyinyi mnangoja nini."

Mpango ni huu. Abdiwali anashusha mzigo Garissa na kurudi Ijumaa. Bibi atakaa mbele, karibu na dereva, na Mutemi na Kalekye watapanda juu. Kibanda kitafungwa kwa mara ya kwanza tangu yale maziko aliyoyachelewa, na Salat ameahidi kuumwagilia mpapai. Angeweza kumtuma bibi na dereva, maana ni mtu wa kuaminika, lakini Mutemi hataki hata kusikia hilo. Baadi hukabidhiwa mkononi, anasema, Bare alimfundisha hivyo.

Na baada ya hapo? Ana ombi moja tu la kumpelekea Hawo: kwamba wakija tena Garissa kwa ajili ya macho, walale Modogashe, na bibi amtemee mate.

Jua lilipoanza kushuka, bibi alionekana ametoka. Amevaa kandambili zake za tairi, amefunga kibunda chake, ameketi kwenye gogo lile lile la Januari, tayari kwa safari. Ameelekea Isiolo. Kalekye akaenda, akamshika mabega kama afanyavyo wakati wa swala, akamgeuza kaskazini.

Mutemi akachuchumaa mbele yake. Ilikuwa Jumatano bado.

"Bado, akko," akamwambia, akimwita bibi kwa Kiborana. "Bado."

Lilikuwa ni neno lile lile alilomjibu tangu Januari. Tuye alilisikia, akalifikiria, na kwa mara ya kwanza likamchekesha. Akagonga gogo kwa kiganja, kuwaonyesha mahali pa kukaa, nao wakaketi naye kungoja.