Muziki Uliojiwasha Masikioni mwa Mama

Simu yangu ina ukaidi mmoja. Ukiiunganisha tu na hedifoni zisizo na waya, inaanza kupiga muziki yenyewe, pale pale ulipoishia jana. Kila asubuhi nikiteremka kazini Moshi mjini niliuzima huku nikicheka. Wenzangu waliniambia kuna mahali pa kurekebisha. Nikasema nitarekebisha. Uvivu tu.

Mama alikuwa mgonjwa nyumbani kwetu Uru. Masikio yake yalikuwa yamechoka, ila kwa hedifoni alisikia vizuri. Kaka yangu yuko Mwanza. Miaka kadhaa nyuma aling'oa mibuni ya marehemu baba bila kumwuliza Mama, wakaacha kusemeshana. Aliposikia Mama amezidiwa, aliniomba nikate jani la sale pembeni ya kihamba, shamba letu la nyumbani, nimpe Mama kwa niaba yake, kisha nimsikilizishe maneno aliyoyarekodi. Kwetu, ukiletewa sale unasamehe, hata kama moyo unawaka. Lakini mkosaji sharti aseme kosa lake.

Mama alilipokea jani akasubiri. Nikamvisha hedifoni, nikabonyeza ujumbe wa kaka. Mtandao wa huku juu ni wa kusuasua. Ujumbe ulikuwa haujashuka, nami nikadhani anausikiliza. Uso wake ukabadilika. Nikafikiri ni uchungu wa mzazi.

Alivua hedifoni, akalitupa jani juu ya blanketi.

"Mwambie amalize kwanza kucheza dansi. Sale la dhihaka silitaki. Mrekodie hivyo hivyo, asikie."

Nami, mpumbavu, nikashika kitufe, akarudia, nikaachia. Jibu likaenda.

Ndipo nilipoweka hedifoni sikioni mwangu. Dansi, tena kwa sauti ya juu. Nilijichukia.

Nilimweleza Mama nikilia. Ujumbe uliposhuka nikamvisha tena, akamsikia mwanawe akikiri kosa la mibuni, mstari kwa mstari. Akapapasa blanketi, akalichukua jani, akaliweka kifuani. Machozi yalimzuia kusema. Nilipompigia kaka, alikuwa ameshasikiliza lile jibu na simu ameizima. Nikasema kesho Mama akipata nguvu nitamrekodi. Hakuipata.

Kaka alikuja kuzika. Watu walipotawanyika kutoka kaburini, nilimshika mkono katikati ya migomba, nikamweleza yote: simu, muziki, ujumbe uliochelewa.

"Alilipokea, kaka. Amekufa analo kifuani."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayesamehe uongo wa mdogo wake. Akatoa simu yake, akabonyeza. Sauti ya Mama ikatoka, kali, nzima, kama vile hajafa: sale la dhihaka silitaki.

"Hii ninayo," alisema. "Hiyo nyingine iko wapi?"