Nilisoma michezo kwa mahari ya dada yangu

Admin, naomba unifichie jina, maana hata baba yangu siku hizi ana simu yenye intaneti. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa. Naishi Goma, mtaa wa Majengo, chumba kimoja cha mbao, peke yangu. Nafundisha elimu ya viungo, yaani michezo, kwenye shule moja ya sekondari. Sina mke, sina mtoto. Marafiki wawili niliokuwa nao walihama mji: mmoja yuko Kampala, mwingine hapokei tena simu zangu.

Kwetu ni ng'ambo ya ziwa, upande wa Bukavu. Nilipomaliza shule nikasema nataka kusomea elimu ya viungo chuo kikuu, ukoo mzima ulicheka. Baba mdogo alisema mbele ya watu, "Kusomea kuruka? Ata mbuzi inaruka, na haikupitaka ku inivesite!" Papa, yaani baba yangu, peke yake hakucheka. Mwaka huohuo dada yangu mkubwa, yaya wangu wa pekee kama tunavyoita kwetu, alikuwa ameolewa, na upande wa mume walileta ng'ombe watatu. Kwa desturi yetu ng'ombe wale wangekuja kunisaidia mimi kuoa. Papa akaniuliza kama nataka mke au masomo. Nikasema masomo. Kila mwaka akauza ng'ombe mmoja, nikasoma miaka mitatu, nikapata diplome.

Sasa sikieni diplome yenyewe inaleta nini. Shule inalipa kwa saa. Mwalimu wa hesabu anaingia darasani kila siku, mimi kila darasa nalipata mara moja kwa juma, na mitihani ikikaribia saa zangu ndizo za kwanza kuondolewa. Mwezi mzuri napata dola tisini. Jioni nawafanyisha mazoezi watu watatu wenye vitambi, zinaingia arobaini nyingine. Chumba thelathini, likelemba yetu ya walimu, mchango wa kupokezana kila mwezi, hamsini, zinazobaki nakula. Wakati mwingine sili.

Kosa langu ni hili. Nilipoanza kazi, papa aliniuliza kwenye simu nalipwa ngapi. Nikakumbuka kile kicheko cha ukoo, nikajibu, "Dola mia tatu ku mwezi, papa." Nilidhani uongo ule ungeishia kwenye simu.

Yaya ana miaka tisa kwenye ndoa na hajapata mtoto. Mwaka jana mume wake alileta mwanamke mwingine, akampa chumba cha kulala, na yaya akahamishiwa jikoni. Huko ndiko analala hadi leo, pembeni ya masufuria. Anataka kurudi nyumbani. Lakini kwetu mwanamke harudi hivihivi wakati wazazi wake bado wameshika mahari. Lazima irudishwe, na mahari yake niliila mimi.

Mwezi uliopita wazee wa pande zote mbili walikaa kikao. Mimi sikuwepo. Nasikia papa alisimama kwa kiburi akasema, "Mutoto wangu wa Goma njo atarudisha ngombe zenu. Ni profesere, anapata dola mia tatu ku mwezi!" Wakakubaliana kwamba ng'ombe watatu ni dola elfu moja na mia mbili. Nikileta nusu, yaya anatoka siku hiyohiyo. Nusu nyingine niimalize ndani ya mwaka.

Nusu ni mia sita. Na mwisho wa mwezi huu ni zamu yangu ya kupokea likelemba: tuko walimu kumi na wawili, ni mia sita kamili. Mngesema Mungu ni mwema. Ila pesa ile nilikuwa nimeshaipangia. Prefe, yaani mkuu, wa shule moja kubwa aliniambia, "Leta diplome ya lisansi, nitakupatia masaa zote za michezo. Utafika ku mia mbili na makumi tano." Lisansi, shahada inayofuata baada ya diplome yangu, nilishaianza nikaiachia njiani, umebaki mwaka mmoja, na mwaka huo ni mia sita ileile. Nikimtoa yaya, masomo yamekufa, na nitabaki na deni la mia sita nyingine huku nikiendelea kuchangia likelemba hadi wenzangu wote wapate. Nikisoma, yaya analala jikoni mwaka mwingine, kwa sababu ya ahadi ya mdomo ya prefe.

Hapa sina wa kumuuliza. Alfajiri nakimbia hadi kwenye kiziwa cha Lac Vert peke yangu, zamani tulikuwa kundi la watu kumi. Jumapili nashuka bandari ya Kituku, nasimama karibu na mama wauza samaki, natazama mashua zinazotoka upande wetu kana kwamba kuna mtu atashuka kunitafuta. Hakuna anayeshuka kwa ajili yangu. Kuna siku mbili nzima zinapita sijatamka neno isipokuwa "moja, mbili, tatu" mbele ya wanafunzi. Upweke huu unaniumiza kuliko njaa.

Juzi nilimpigia yaya nikamwambia yote: uongo wa mia tatu, tisini za kweli, lisansi. Nilitaka anitukane. Badala yake akasema, "Usijisumbuwe juu yangu, mudogo wangu. Maliza masomo yako. Miye nilishazoea." Akaniuliza kama nakula vizuri.

Tangu siku ile najiambia: amesema mwenyewe, ameniruhusu. Fomu za chuo nimeshazijaza, bado kuzipeleka. Aibu iliyonifanya niombe kufichiwa jina ni kwamba natamani sana kumwamini.

Ninyi msionijua, msinionee huruma, nijibuni tu. Mtu anayelala jikoni akikwambia amezoea, na wewe ndiye uliyekula mahari yake, unamwamini?